Kutengeneza DNA Iliyoungua Jua kwa Vibanio vya Nguo

Nimefundisha baiolojia kidato cha tano na sita hapa Tanga kwa miaka 19, na miaka ya mwanzo nilikuwa nachora uongo ubaoni. Tukifika kwenye madhara ya jua, nachora ngazi ya DNA, molekuli inayobeba maelekezo ya urithi ndani ya seli, halafu napiga mstari wa mpasuko katikati. Siku moja binti mwenye ualbino, aliyezoea kukaa mbali na dirisha, akaniuliza: "Mwalimu, kwani jua linakata au linagandisha?" Nikamwambia nitamjibu kesho. Usiku ule nikasoma mpaka taa ikakatika. Linagandisha.

Tangu hapo sichori. Tunajenga, na vifaa vyote unavipata sokoni: vibanio vya nguo dazeni 5 vya rangi nne, kamba ya manila mita 4, raba za kufungia pesa, waya mwembamba wa kufungia nondo, plaizi, mkasi na kiberiti.

Kata kamba mbili za mita moja na robo, uzilaze mezani sambamba. Kwenye kila kamba bana vibanio 20, kimoja kila baada ya vidole vitatu, mikia ikielekea ndani. Vibanio ni besi, yaani herufi nne za DNA: njano ni adenini, bluu thaimini, kijani guanini, nyekundu sitosini. Njano hutazamana na bluu, kijani na nyekundu, basi. Funga mikia inayotazamana kwa raba: mbili kwa njano na bluu, tatu kwa kijani na nyekundu, kwa sababu ndiyo hesabu ya bondi za haidrojeni, vifungo dhaifu vinavyoshikanisha nyuzi mbili za DNA. Hakikisha kibanio cha 10 na cha 11 kwenye kamba ya juu vyote ni bluu. Chora mshale wa kulia kwenye kamba ya juu na wa kushoto kwenye ya chini, maana nyuzi hizi hulala kinyume. Watoto wawili wakishika ncha na kusokota, jozi 20 zinatoa karibu mizunguko miwili, kwa kuwa mzunguko mmoja wa DNA una jozi 10 na nusu hivi. Isokotoe inyooke tena, tunaanza kuiharibu.

Chukua waya, funga kibanio cha 10 na cha 11 pamoja, kaza kwa plaizi. Hiyo ndiyo kazi ya mionzi ya urujuanimno ya jua: thaimini mbili jirani, za uzi uleule, zinashikana kwa bondi mbili na kufanya pete ya kaboni nne. Hakuna kilichokatika. Ila angalia kamba, imetunga kinundu, na raba za jozi zile mbili zimevutika, pengine moja imechomoka.

Sasa mfunge mwanafunzi macho kwa kanga. Mwambie apitishe vidole taratibu kutoka jozi ya kwanza, atafute ugonjwa. Hapa usiharakishe, hata kama kipindi ni dakika 40. Wengi husimama kwenye kinundu wakiwa hawajagusa waya, na seli nayo hutafuta vivyo hivyo. Kwa binadamu, protini iitwayo XPC haiitambui thaimini iliyoganda. Inaushika uzi wa upande wa pili, pale jozi zilipolegea. Kinundu kikiwa kidogo XPC hupapasa na kupita, ndipo inahitaji msaada wa protini nyingine.

Kinachofuata ni upasuaji. Fungua raba kuanzia jozi ya 3 hadi ya 14. Kwenye kamba ya juu tu, kata kati ya kibanio cha 2 na cha 3, kisha kati ya cha 14 na cha 15. Umetoa vibanio 12: saba kabla ya jeraha, viwili vilivyoganda, vitatu baada yake. Hicho ni kipimo cha bakteria wa E. coli, ambao hutoa 12 au 13. Sisi binadamu hutoa karibu 30, lakini vibanio vyangu havitoshi. Aliyeonyesha mwaka 1983 kwamba mkato ni pande zote mbili ni Aziz Sancar, Mturuki wa mji wa Savur, ambaye mwaka 2015 aligawana Nobeli ya kemia na Tomas Lindahl na Paul Modrich.

Kipande kilichotoka kitupe kwenye ndoo, mbali. Mwaka mmoja kundi moja lilikiweka pembeni likanakili rangi zake, na waya wakafunga tena! Seli haikiangalii kabisa. Inasoma uzi wa chini uliobaki mzima: ikiona njano inaleta bluu. Unganisha kamba mpya kwenye kibanio cha 2, panga vibanio vipya kimoja kimoja kuelekea kulia, usianzie kulia hata wakikuomba, kwa sababu polimerasi, kimeng'enya kinachojenga uzi mpya, haijui kurudi nyuma. Fundo la mwisho, kati ya cha 14 na cha 15, ni la ligasi, kimeng'enya kinachounga uzi. Yeyusha ncha kwa kiberiti, lishike.

Lile swali la binti nalirudia kila mwaka. Mwenye ualbino mafundi wake wa DNA, yaani protini hizi za kukata na kuunga, wapo kamili. Alichopungukiwa ni melanini, pazia la dirishani. Mwenye ugonjwa wa xeroderma pigmentosum ana pazia lakini mafundi hawafanyi kazi. James Cleaver aligundua hilo mwaka 1968. Wote wawili wanahitaji kofia pana na mikono mirefu, kwa sababu mbili tofauti, na watoto wakishika vibanio wanalielewa bila mimi kusema sana.

Ukibakiwa na dakika tano, ganda tena kibanio cha 10 na 11, fungua pazia la darasa, halafu kata waya tu kwa plaizi. Kamba hujaigusa. Plaizi hapo ni kimeng'enya cha fotoliasi, kinachotumia mwanga wa buluu kuachanisha thaimini. Bakteria wengi wanacho, mimea inayo, vyura wanacho. Wataniuliza kama sisi tunacho. Hatuna, mamalia wenye kondo walikipoteza zamani. Kangaruu na jamaa zake bado wanacho, na hapo darasa zima hulalamika mpaka kengele inalia.