Jinsi ya kuunganisha balkoni za kabini mbili kwenye meli ya kitalii, kwa familia zinazotokea Dar

Jamani habari zenu. Nimehudumia kabini kwenye meli za kitalii miaka saba kabla sijarudi nyumbani Dar, na siku hizi mtu akipanga safari ya familia au ndugu wakitaka kusindikiza maharusi wanaoenda fungate, simu inakuja kwangu. Swali ni lile lile: tumechukua kabini mbili jirani zenye balkoni, ile patisheni ya katikati inatolewaje tukae pamoja?

Inafunguliwa, ila sio na wewe, na kazi kubwa unaimaliza ukiwa bado hapa Dar siku ya kubuki. Ukikosea hapo, mhudumu wa meli hata akupende vipi hana cha kukufanyia.

Hatua ya 1: jua unaomba nini

Kuna kabini zenye mlango wa ndani, unatoka chumba hiki unaingia kile bila kupita korido. Alafu kuna balkoni zilizotenganishwa na patisheni huko nje. Ni vitu viwili tofauti na unaweza kupata kimoja ukakosa kingine. Mwenye watoto wadogo namshauri atafute mlango wa ndani kwanza, maana patisheni inaweza kufungwa muda wowote upepo ukizidi, na mtoto akilia saa nane usiku unataka umfikie hapo hapo.

Hatua ya 2: chagua kabini kwa ramani, usichague kwa namba

Hapa naomba tukae kidogo. Niliwahi kupokea familia ya bibi, wazazi na wajukuu, ejenti wao alikua amewaambia namba zinafuatana kwaiyo wako jirani. Kumbe ile meli, kama meli nyingi tu, namba shufwa ziko ubavu mmoja na witiri ziko ubavu wa pili. Bibi yuko kushoto wajukuu wako kulia, meli imejaa, siku saba nzima yule mama anavuka korido mbili kwenda kuwaona watoto. Iliniuma sana kwa sababu lilikua jambo la kuangalia picha dakika mbili.

Kwaiyo kabini 9142 jirani yake mara nyingi ni 9144, sio 9143. Tena usiishie hapo, fungua ramani ya deki ya meli yenyewe, kampuni zinaiweka mtandaoni, uone kwa macho kwamba balkoni mbili zimegusana na hakuna ngazi wala stoo katikati. Epuka zilizo kwenye kona ya nyuma, epuka sehemu ambapo ubavu wa meli unatokeza nje na balkoni moja inakua ndefu kuliko mwenzake, na zile kabini kubwa za kifahari usizitegemee, nyingi patisheni yake haifunguki. Kuna na balkoni za deki za chini ambazo zimekatwa ndani ya chuma cha meli, pale unakuta ukuta wa kati ni chuma cha meli yenyewe na hakuna bawaba yoyote. Na kama mko kabini tatu, ulizia patisheni zote mbili, kuna meli balkoni zinafunguka mbili mbili tu, yaani wa kwanza na wa pili wanaungana alafu wa tatu anabaki peke yake.

Ile bei ya chini ambayo kampuni ndio inakupangia kabini, iache. Najua inavutia, lakini ukishaichukua umekubali kuwekwa popote.

Hatua ya 3: uliza swali sahihi, kwa maandishi

Usiulize "hizi kabini ni jirani?" maana utajibiwa ndio na mambo yataishia hapo. Uliza hivi: patisheni ya balkoni kati ya kabini hii na hii, inafunguka? Mwambie ejenti wako, awe Posta, Mwenge au wa kwenye simu, aipeleke kampuni kwa imeili, aunganishe buking zenu mbili, na ombi liandikwe kwenye zote mbili. Watakujibu kwamba ni ombi, hawakuahidi. Hiyo ni kawaida yao, usikate tamaa, printi jibu utembee nalo.

Hatua ya 4: siku ya kupanda meli

Fika mapema. Mhudumu wa kabini siku hiyo anahangaika, ana vyumba vingi vya kugeuza abiria wa jana wakitoka na wa leo wakiingia, kwaiyo msubiri atulie kidogo alafu umsalimie kwa jina lake, lipo kwenye beji, na umwombe kwa upole. Angalia pia kama kabini zenu zina wahudumu wawili tofauti, inatokea, basi ongea na wote. Atakuja na ufunguo maalum au atamwita fundi, patisheni inazunguka kwenye bawaba kama mlango inalala pembeni, na LAZIMA ifungwe komeo huko ilikolala. Subiri uone komeo limeingia. Isipofungwa itakua inapiga usiku kucha na inaweza kumbana mtu.

Usijaribu mwenyewe na spana wala kisu cha mezani. Hiyo ni mali ya usalama wa meli.

Ukiambiwa hapana, uliza mara moja mapokezi, wakikataa tena achana nayo.

Hatua ya 5: mkishaungana

Sasa mmekua kama nyumba za uswahilini zinazochangia uwa mmoja, raha yake kubwa, asubuhi mnakunywa chai pamoja bahari mbele. Lakini kuna mambo matatu nayasema kwa kila familia.

Moto. Machi 2006 meli ya Star Princess ikielekea Jamaica iliwaka moto ulioanzia kwenye balkoni, kilichohisiwa ni kipisi cha sigara, na patisheni za wakati ule zilikua za plastiki ya polikaboneti, moto ukapanda balkoni hadi balkoni na abiria mmoja akafariki kwa moshi. Baada ya hapo IMO, shirika la kimataifa linalosimamia usafiri wa meli, ikabadilisha sheria, kuanzia Julai 2008 patisheni na viti vya balkoni vikabanwa visiwe vya kushika moto ovyo. Kwaiyo dada zangu, chetezo cha udi kibaki nyumbani, mishumaa pia, vinakatazwa melini. Na kanga mbichi msianike kwenye reli, upepo unaibeba inaangukia balkoni za wenzenu.

Upepo. Ukiwahi kukaa juu kwenye boti ya Zanzibar unajua upepo wa chombo kinachokimbia hata bahari ikiwa shwari. Meli ikienda noti 20 ni kama kilomita 37 kwa saa. Msifungue mlango wa balkoni na wa korido kwa pamoja, mlango unajibamiza kwa nguvu ya kukata kidole. Na kwenye meli nyingi mlango wa kioo ukiachwa wazi eisii inakata.

Watoto. Reli ni ndefu, kwa meli zinazochukua abiria Marekani sheria yao inataka inchi 42, karibu mita 1.07, lakini kiti kikisogezwa hapo ule urefu hauna kazi tena. Balkoni zikiungana viti vinakua vinne au zaidi na watoto wanakimbia huku na huku, kwaiyo vyote virudi ukutani kwenye kioo, na mtu mzima awe nje muda wote watoto wakiwa nje. Usiku kila kabini ifunge kioo chake kwa ndani, tena kile kitasa cha juu wasichokifikia.

Mkiona mhudumu amekuja kufunga patisheni katikati ya safari msigombane naye, ni upepo, au wanaosha balkoni, au kapteni ameagiza. Muulize tu itafunguliwa saa ngapi, na kesho yake baada ya chai mkumbushe.