Sauti mbili kwa koo moja: namna ya kuanza kuimba khoomii ukiwa Tabora

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, na naimba besi. Jioni moja mpangaji mwenzangu alicheza wimbo kwenye simu: mtu anavuma chini kama nyuki mzingani, na juu ya uvumo huo filimbi inatembea na wimbo wake. Nikauliza nani anapuliza. Akaniambia hakuna filimbi, ni huyo huyo mmoja. Sikulala vizuri usiku ule.

Wamongolia wanaita khoomii. Tamka kh kama ya "kheri". Maana yake ni koo.

Kabla hujafungua mdomo, sikiliza kwa siku tatu nne. Mimi nilianzia kwenye morin khuur, na nakushauri ufanye hivyo. Ni ala ya nyuzi mbili inayopigwa kwa upinde, na juu ya shingo yake kumechongwa kichwa cha farasi. Kwa jadi kila uzi ni fungu la singa za mkia, mmoja wa farasi dume, mwingine wa jike. Babu yangu alikuwa na zeze la upinde alilopewa na rafiki yake Mgogo wa Manyoni, kwa hiyo ule ukwaruzo haukuwa mgeni masikioni mwangu. Watu wengi husikia ukwaruzo wakadhani ni ubovu wa spika. Uache uingie. Ndani yake ndimo utakapoanza kuzisikia sauti ndogo za juu, zile zile utakazozitafuta kooni mwako. Wafugaji wa kule humwimbia ngamia aliyemkataa mtoto wake, morin khuur ikimsindikiza mwimbaji, mpaka amkubali anyonye. Mfugaji wa Igunga anayempigia ng'ombe mluzi ili anywe maji hatahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa mazoezi. Tafuta mahali panaporudisha sauti. Bafu la sakafu ya saruji linafaa, ila mimi natumia simtanki tupu la uani: nainama, naweka uso kwenye mdomo wake, naimba humo. Kinachotoka kidogo kinarudi kikubwa, na mwanzoni unahitaji msaada huo, kwa sababu sauti ya pili ipo tayari ila sikio halijaizoea.

Chukua noti rahisi, ile unayomwitia mtu aliye ng'ambo ya barabara. Usishuke mpaka chini kabisa. Iimbe kwa "u", ndefu, bila kutikisika. Kisha kaza koo kidogo, kama mtu anayeinua gunia la mpunga: pumzi inabanwa, lakini sauti haikatiki. Itatoka kavu, yenye makali. Hiyo ndiyo unayoitaka. Ikiuma, umekosea, acha hapo hapo, kunywa maji, rudi kesho. Naliweka hili mbele kwa sababu wiki ya kwanza nilikaza kwa nguvu zote, saa nzima kila jioni, na Jumamosi ya kuamkia Matawi sikuwa na sauti hata ya kusalimia. Kwaya iliimba bila mimi. Dakika kumi kwa siku zinatosha.

Ulimi ndio kazi yenyewe. Sema "la", lakini simama kwenye l. Ncha ya ulimi imegusa nyuma ya meno ya juu. Sasa iache ikae hapo, na kingo za ulimi zigande kwenye fizi za magego pande zote mbili, ubakize upenyo mdogo upande mmoja. Midomo iwe midogo, kama unapuliza uji wa moto. Ukiwa hivyo, endelea kuvuma noti ile ile, na polepole sana geuza umbo la kinywa kutoka "u" kwenda "i". Noti ya chini isisogee hata chembe. Nenda, rudi, nenda, rudi. Mahali fulani njiani utasikia kitu chembamba kinawaka, kama glasi iliyopanguswa ukingoni kwa kidole chenye maji. Simama hapo. Ndiyo hiyo. Kwangu ilikuja siku ya kumi na moja, na nilibaki nimeinamia simtanki nikiogopa kumeza mate isije ikapotea.

Kwa mwanakwaya kuna habari njema. Koo halikubuni noti mpya; kila sauti ya mtu imebeba ngazi ya sauti nyingine ndogo juu yake, na kinywa kinachagua ipi isikike. Noti yako ya chini ikiwa do, nayo ukiihesabu kuwa ya 1, ngazi ya 6 ni so, ya 8 ni do, ya 9 ni re, ya 10 ni mi, ya 12 ni so ya juu. Ile ya 7 iruke, inaangukia chini kidogo ya ta (ti iliyoshushwa nusu) na itakuvuruga. So, do, re, mi, so: kwa noti hizo tano unapata wimbo kamili. Besi zangu wawili wanazipata zote sasa. Mmoja anakwama kwenye re.

Wimbo mrefu wao, urtiin duu, sikiliza hata kama huna mpango wa kuuimba. Urefu unaosemwa ni wa silabi: neno moja linavutwa mpaka pumzi iishe. Mtafute mwimbaji wake Namjilyn Norovbanzad, aliyefariki mwaka 2002. Mama yule alikuwa na pumzi.

Vijana wangu wa kwaya wanapenda The HU, kundi la Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, lililoanza mwaka 2016, na albamu yao ya 2019, The Gereg. Siwakatazi, naipenda pia. Ila nawaambia wapunguze besi kwenye spika kwanza. Ngoma nzito zikishuka, morin khuur na ule mvumo wa koo vinajitokeza vyenyewe, na hapo unaweza kuvuma pamoja nao noti kwa noti, mdomo kwenye simtanki.