Kupima protini kwenye mkojo wa mjamzito mwenye presha

Mjamzito aliyepita wiki 20 ambaye presha yake ni 140 au zaidi kwa namba ya juu, au 90 au zaidi kwa namba ya chini, asirudi nyumbani kabla mkojo wake haujapimwa protini, ili ijulikane kama yuko kwenye hatari ya kifafa cha mimba. Kipimo chenyewe ni rahisi. Kinachoharibu majibu mara nyingi ni kikopo, na Mombasa hapa ni chupa ya vijiti vya kupimia, vile vinavyobadilika rangi vikichovywa kwenye mkojo.

Vijiti huharibiwa na unyevu, na hewa yetu ya pwani ni nzito mwaka mzima. Toa kijiti kimoja, funga kifuniko papo hapo, na kile kikausha-unyevu kilichomo ndani usikitupe. Usiweke chupa kwenye friji ukidhani unaihifadhi: ukiifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa hugeuka matone ndani na kulowesha vilivyobaki. Andika tarehe uliyoifungua. Kijiti kilichobadilika rangi kabla hakijachovywa, kitupe.

Mwambie mama ajisafishe kwa maji, akojoe kidogo chooni, kisha akinge kikopo katikati ya mkojo. Ute wa ukeni, damu au maji ya uzazi yakiingia, protini itaonekana ilhali figo hazina neno. Kikopo kilichosuuzwa kwa dawa ya kuua vijidudu pia hudanganya. Pima ndani ya saa moja, maana mkojo ukikaa kwenye joto bakteria huzaana na majibu hupanda bure.

Chovya sehemu zote za rangi mara moja na kutoa, pangusa ukingo wa kijiti kwenye mdomo wa kikopo, kisha kishike kikiwa kimelala ili dawa zisichuruzikiane. Soma protini kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kwa kawaida sekunde 60, penye mwanga mzuri. Tumia saa, usikisie; rangi huendelea kukolea, na anayesoma baada ya dakika tano anasoma kitu kingine.

Njano ni hakuna protini, na kadiri inavyoelekea kijani ndivyo inavyozidi. Alama + ni kama miligramu 30 kwa desilita, ++ ni 100, +++ ni 300. Mama aliyekunywa madafu na maji mengi asubuhi hiyo mkojo wake ni mwepesi, kwa hiyo hata + yake usiidharau. Aliyeshinda bila maji huweza kuonyesha + isiyo na maana. Ndiyo sababu + hupelekwa maabara kupimwa uwiano wa protini na kreatinini (taka ya mwili inayotolewa na figo): 0.3 (miligramu kwa miligramu) kwenda juu ni tatizo. Pasipo maabara, ++ ichukuliwe kuwa ni protini ya kweli. Kijiti kikionyesha pia dalili za maambukizi ya njia ya mkojo, yatibiwe, lakini presha isingojee dawa zimalizike.

Kijiti kisichoonyesha protini hakimtoi mama hatarini. Kichwa kisichotulia kwa dawa, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia, au presha ya 160 au zaidi kwa namba ya juu, au 110 au zaidi kwa namba ya chini, huyo ni wa rufaa siku hiyo hiyo, protini iwepo isiwepo. Akiwa upande wa Likoni, dozi ya kwanza ya magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba ianze kituoni, kabla gari halijaelekea feri. Kwenye kitabu cha kliniki andika presha, alama za protini na saa ya kupima. “Mkojo sawa” haimsaidii atakayempokea.