Kabla hujaanza kuchanja watoto kliniki kwako

Madaktari wenye kliniki za familia hapa Arua, Uganda, hunipigia simu na swali lile lile: "Sista, nataka kuanza kutoa chanjo za watoto, nahitaji nini?" Wengi wanategemea niwatajie bei ya friji. Friji tutaifikia. Tuanze na ratiba, kwa sababu ile uliyokariri chuoni siyo ya leo.

Ukimaliza masomo kabla ya 2013, hata chanjo ya nimonia hukuikuta kwenye ratiba ya Uganda. Ya polio ya sindano iliingia 2016, ya rota, virusi vinavyoharisha watoto, ikaja 2018. Mwaka 2022 tukaongezewa homa ya manjano mtoto akifikisha miezi 9, na dozi ya pili ya surua-rubela akiwa na miezi 18. Halafu tarehe 2 Aprili 2025, pale Apac, ikazinduliwa chanjo ya malaria kwa wilaya 105, dozi nne: miezi 6, 7, 8 na 18. Zamani mama akishachanjiwa mtoto wa wiki 14 alipumzika mpaka miezi 9. Leo katikati hapo kuna safari nyingine tatu, na asipoelezwa mapema hatakuja. Mwambie pia kwamba chandarua kinabaki pale pale kitandani, chanjo inapunguza malaria lakini haiifuti.

Kwa hiyo bandua lile bango la zamani ukutani. Sisemi libandikwe jipya juu yake, nasema libanduliwe. Nimesikia kwa masikio yangu muuguzi akisoma bango la miaka kumi iliyopita na kumwambia mama wa mtoto wa miezi 9, "Sasa umemaliza, mama." Neno hilo likishatoka, dozi ya miezi 18 imekwenda, maana mama amesikia amemaliza na hana sababu ya kukudhania muongo.

La pili, nenda ofisi ya afya ya wilaya ujiandikishe kabla hujanunua chochote. Chanjo za mpango wa taifa zinatoka bohari ya chanjo ya wilaya, bure, na mzazi hatozwi pesa ya chanjo. Utadaiwa ripoti kila mwezi. Kama karatasi zinakuchosha, bora uwaelekeze wazazi kituo cha serikali kilicho jirani, hakuna atakayekulaumu.

Vitu vya mezani nitavipitia haraka. Sindano ziwe zile zinazojifunga baada ya kutumika mara moja. Boksi la kutupia sindano liwe karibu na mkono wako, lisiwe chumba cha pili, na likijaa robo tatu lifungwe. Adrenalini ya kumwokoa mtoto akipatwa na mzio mkali iwepo, iwe haijapita muda, na kila anayechoma ajue dozi yake bila kufungua kitabu. Kuwe na benchi la wazazi kusubiri nusu saa baada ya sindano. Rota ni ya kunywesha, andika hivyo kwa herufi kubwa kwa ajili ya mgeni wa zamu. Mtoto mwenye mafua au joto dogo anachanjwa, usimrudishe nyumbani. Na sindano mbili zikiangukia paja moja, ziachane sentimita mbili na nusu.

Kuchanganya chanjo ya unga kunahitaji maneno zaidi. BCG (ya kifua kikuu), surua-rubela na homa ya manjano huja zikiwa unga, na kila moja ina maji yake kutoka kiwanda kile kile, si maji ya chupa nyingine inayofanana nayo. Huko Samoa mwaka 2018 wauguzi walichanganya unga wa chanjo ya surua na dawa ya kulegeza misuli inayotumika kwenye nusukaputi, wakidhani ni maji yake. Watoto wawili walikufa, uchanjaji ukasimamishwa kwa miezi, wazazi wakaogopa, na mwaka uliofuata surua ikaua watu 83, wengi wao watoto wadogo. Karibu nasi zaidi, Kapoeta kule Sudan Kusini, Mei 2017, bomba moja la sindano la kuchanganyia lilitumika siku nne mfululizo na chanjo hazikuwekwa kwenye baridi. Watoto 15 walikufa. Basi dawa ya nusukaputi, insulini na oksitosini zisilale friji moja na chanjo hata kama friji ni kubwa na nafasi inakulilia. Kichupa cha unga kikishachanganywa andika saa juu yake, na saa sita zikitimia kitupwe, hata kama kina dozi saba ndani.

Hapo ndipo ubahili unapoingia. Kichupa cha surua-rubela kina dozi kumi, amekuja mtoto mmoja, muuguzi anamwambia mama arudi Alhamisi watakapokuwa wengi. Mama ametoka Vurra kwa boda boda na ameacha biashara sokoni. Alhamisi hatarudi. Fungua kichupa. Dozi tisa zitakazomwagwa ni rahisi kuliko mtoto mmoja kulazwa na surua.

Sasa friji. Hapa naomba usome taratibu.

Kila mtu anaogopa joto. Arua ni kweli kuna joto, umeme nao unakatika, basi daktari akipata chanjo cha kwanza ni kuzungusha kile kitufe cha friji mpaka mwisho wa baridi. Chanjo nyingi za sindano zilizo majimaji, kama pentavalenti (chanjo tano katika sindano moja), ya nimonia, ya homa ya ini B na ya HPV (ile ya saratani ya mlango wa kizazi), zina chumvi ya alumini inayosaidia mwili kuamka. Zikiganda, chumvi ile inashikamana mabonge, na hata zikiyeyuka haitarudi ilivyokuwa. Chanjo imekufa. Ukiishika ni ya baridi, ukiitazama haraka haraka ni nyeupe kama kawaida, na ile alama ya mraba ndani ya duara kwenye lebo inakuonyesha kila kitu ni salama, kwa sababu alama ile inasoma joto peke yake. Kuganda haikujui.

Kuna kliniki moja mjini hapa, sitaitaja, mwenyewe ni daktari mzuri na mkarimu. Aliniita nimsaidie kuhesabu akiba kabla ya ripoti ya mwezi. Friji yake ilikuwa ya nyumbani, ya milango miwili, inang'aa. Nikatoa paketi za mbele, nikapeleka mkono nyuma kuchukua boksi la pentavalenti, boksi likagoma. Lilikuwa limenata kwenye ukuta wa nyuma. Nikavuta, karatasi ya boksi ikabaki ukutani pamoja na ganda la barafu.

"Dokta," nikamwambia, "hii imeganda."

"Haiwezekani, Sista. Hii friji nimeitoa Kampala, inapoza kuliko ile ya wilaya."

"Ndiyo tatizo lake, Dokta."

Akanionyesha alama kwenye lebo, mraba mweupe kabisa. Akanionyesha daftari la joto, nyuzi 4 asubuhi, nyuzi 4 jioni, kila siku bila kukosa. Na hakuwa anadanganya. Kipimajoto kilikuwa kimening'inizwa mlangoni, mahali penye joto kuliko pote. Nyuma kule ambako boksi lilikuwa linalala hakuna aliyewahi kupima.

Tukafanya jaribio la kutikisa. Unachukua kichupa kimoja cha toleo lile lile, yaani kilichotengenezwa pamoja nacho kiwandani, unakigandisha kabisa kwenye friza, unakiyeyusha, unakiandika "kilichoganda" kisije kikatumika. Halafu unakishika mkono mmoja na kile unachokishuku, unavitikisa pamoja kwa nguvu, unavisimamisha mezani upande kwa upande penye mwanga. Chanjo nzima hubaki imechanganyika kama maziwa membamba kwa muda mrefu. Iliyoganda huanza kujitenga, chembe zinashuka kama chenga, juu panabaki maji, chini panakaa tope. Unasubiri mpaka nusu saa. Sisi hatukufika nusu saa. Vichupa viwili vilishuka sawasawa kama mapacha, na daktari alivuta kiti akakaa.

Kutupa boksi ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa kujua nani ameshachomwa. Daftari lilikuwa na jina la mtoto, tarehe na sahihi, lakini namba ya toleo la chanjo haikuandikwa. Kwa hiyo hatukuweza kusema ni watoto gani hasa, ikabidi tuwaite wote waliopata pentavalenti tangu boksi lile lipokelewe. Ukipiga namba za simu, nusu hazipatikani, nyingine zinapokelewa na mtu asiyemjua mtoto. Familia moja ilikuwa imevuka kurudi Yei, Sudan Kusini, nyingine ilikuwa Ariwara upande wa Kongo kwa msiba. VHT, wale wahudumu wa afya wa kijiji, wakatusaidia kuzunguka mitaani, na mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, akatangaza.

Wale waliokuja hawakuja wakicheka. Mama mmoja wa Kinubi alisimama mlangoni akiwa amembeba binti yake mgongoni, akauliza, "Kwa hiyo siku ile mwanangu alilia bure?" Daktari alimwambia ndiyo, alilia bure, nisamehe mama. Nilimheshimu kwa jibu lile, maana wengi wangetafuta maneno ya kitaalamu. Mtoto akachomwa tena. Ila jirani yake, ambaye naye alikuwa na mtoto, alikataa na mpaka leo haleti mtoto kliniki yoyote. Baadaye msimu ule alilazwa hospitali mtoto mchanga wa mtaa ule, anakohoa mpaka anageuka bluu, kifaduro. Sitasema ni kwa sababu ya friji ile, hakuna anayeweza kuthibitisha hivyo. Najua tu kwamba pentavalenti ndiyo inayokinga kifaduro, na ile ya pale ilikuwa maji.

Basi friji ya jikoni usiitegemee. Omba wilaya ikuelekeze kwenye friji zilizotengenezwa kwa chanjo, zile zenye kuta za barafu au zinazoendeshwa na umeme wa jua moja kwa moja. Ikiwa huna uwezo, usihifadhi. Chukua chanjo za siku moja bohari ya wilaya kwenye kibebeo, lile sanduku la baridi la kubebea chanjo, rudisha jioni. Mwenye friji aweke kifaa cha kurekodi baridi siku 30 katikati ya chanjo zenyewe, kile kinachopiga alarmu joto likishuka nusu nyuzi chini ya sifuri kwa dakika 60. Lengo ni kati ya nyuzi 2 na 8. Kitufe cha friji kikishawekwa sawa kibandikwe plasta, asikiguse mtu kwa sababu umeme umerudi na "inahitaji kupoa haraka".

Na kibebeo nacho kinagandisha. Pakiti za barafu zikitoka friza moja kwa moja zinaua chanjo njiani kabla hujafika Ediofe. Ziache nje mpaka ukizitikisa usikie maji yanacheza ndani na ngozi yake inatoka jasho, ndipo uzipange. Nimewaona vijana wenye haraka wakizipanga zikiwa kavu kama jiwe, eti ndiyo usalama.

Kadi. Andika tarehe, namba ya toleo, na tarehe ya kurudi, na umwambie mama kwa mdomo pia. Sheria ya Chanjo ya 2017 inataka kadi mtoto anapoandikishwa shule, kwa hiyo karatasi ile si ya kufungia sabuni. Huku kwetu utapata watoto wa Sudan Kusini wasio na kadi kabisa, na wa Kongo wenye kadi ya ratiba nyingine. Iliyoandikwa ihesabu, ambayo haikuandikwa usiihesabu hata bibi akiapa, mpe. Aliyekatiza haanzi upya, anaendelea pale alipoachia, wiki nne zikiwa zimepita kati ya dozi na dozi. Usimgombeze mama aliyechelewa mbele ya wenzake. Akishaaibika hapo benchi, umempoteza yeye na dada zake.

Mengine ni ya kuchunga tu. Jenereta iwe na mafuta Ijumaa jioni, si Jumatatu asubuhi. Ufunguo wa friji ujulikane uko kwa nani sikukuu. Ukiulizwa kama chanjo ya HPV inafunga kizazi, jibu hapo hapo kwamba haifungi, inakinga saratani ya mlango wa kizazi, usiseme utauliza kwanza. Ukisikia umeme umekatika usiifungue friji kuangalia, kila ukifungua unaitoa baridi. Soda za wafanyakazi zikae kwingine. Na plagi ya friji izungushiwe plasta, uandike juu yake kwa wino mwekundu USICHOMOE, kwa Kiswahili na kwa Kilugbara, maana mlinzi wa usiku naye ana simu ya kuchaji.