Giaboksi na transfa ya Land Cruiser HZJ75: tafuta ugonjwa kabla ya kushusha

Giaboksi ya gari hili, H55F, ikiwa imeungana na transfa yake (boksi linalogawa nguvu kwenda magurudumu ya mbele na ya nyuma) inazidi kilo 100. Kuishusha ni kazi ya siku nzima, kwa hiyo usishushe kwa kubahatisha.

Anza na klachi. Injini ikiwa imezimwa, pitisha gia zote. Zikiingia laini, halafu ukiwasha zikakataa au rivasi ikakwaruza, klachi haiachii. Kagua masta ya klachi na silinda ndogo iliyo pembeni ya giaboksi, toa hewa, jaribu tena. Ikikwaruza gia moja tu, mara nyingi namba mbili au tatu, hapo ni sinkronaiza ya gia hiyo, yaani ringi inayolinganisha kasi ili gia iingie laini. Gia inayochomoka yenyewe unapoachia pedali ya mafuta ina meno yaliyolika, uma wa kusukuma gia uliochakaa, au springi iliyochoka ya kushikilia reli ya uma huo. Lakini tazama maunti kwanza, yaani mipira inayoshikilia injini na boksi kwenye chesi. Maunti iliyokatika huleta kasoro hiyohiyo.

Kisha sikiliza. Gari limesimama, iko nyutro, mguu uko nje ya klachi: mlio unaopotea ukikanyaga unatoka kwenye beringi ya shafti ya kuingilia au za shafti ya chini. Mlio unaoanza ukikanyaga ni beringi ya klachi. Barabarani, namba nne hupitisha nguvu moja kwa moja bila kubebesha mzigo shafti ya chini. Boksi inayolia namba moja, mbili, tatu na tano, kisha ikatulia kwenye nne, imeshakuonyesha pa kwenda.

Oili nayo isome vizuri. Giaboksi na transfa kila moja ina oili yake, na kati yao kuna sili ya kuzuia oili zisichanganyike. Ukifungua nati ya kujazia ya giaboksi oili ikafurika, huku transfa ikiwa imepungua, sili hiyo imekufa. Kuongeza oili kwenye transfa kila wiki ni kuahirisha beringi kuungua. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Hili ni la kawaida kwa magari yanayolazimisha kupita bonde la Jangwani, Dar es Salaam, mvua zikijaa: boksi ya moto ikizama hupoa ghafla, hewa ya ndani husinyaa, na kama bomba la kupumulia limeziba kwa tope, maji hunyonywa kupitia kwenye sili. Mwaga oili siku hiyohiyo. Ukichelewa, kutu huanza kwenye beringi.

Kishindo cha "ko!" unapoondoka au kurudi nyuma kinahitaji umakini zaidi. Kagua krosi (viungo) za propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Kama ni nzima, shuku meno ya shafti ya nyuma ya giaboksi, pale gia ya kuingilia ya transfa inapokaa. H55F inajulikana kwa ugonjwa huu: nati ya nyuma hulegea, gia hucheza juu ya shafti, meno yanalika pande zote mbili. Kubadilisha gia peke yake ni hasara, kwa sababu shafti iliyolika itaila gia mpya. Badilisha vyote viwili, weka nati mpya, ikaze kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha gari, kisha igonge mdomo wake uingie kwenye mfereji wa shafti isifunguke.

Ukishafungua, osha kila kitu kwa dizeli na upime kabla ya kwenda dukani. Bana ringi ya sinkronaiza kwenye koni ya gia yake, pitisha fila geji (vibamba vya kupimia nafasi) katikati. Boksi nyingi za Toyota kikomo ni milimita 0.8, chini ya hapo ringi imekwisha hata kama meno yake yanang'aa. Uma na mfereji wake wasiachane zaidi ya milimita 1. Kwenye transfa, toa shafti ya gia ya kati, pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, badilisha shafti pamoja na beringi zake za sindano, na oringi yake lazima iwe mpya, la sivyo oili itavuja hapo hapo.

Beringi nunua kwa namba iliyochongwa kwenye ringi ya zamani. Kwenye maduka ya Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, zipo, na feki zipo pia: nenda na ya zamani mkononi, linganisha namba, zungusha, sikiliza. Wakati wa kufunga, usigonge ringi ya nje ili kuingiza ya ndani. Nguvu ikipita kwenye gololi, beringi imeharibika kabla ya safari. Tumia presi, au ipashe moto ndani ya oili hadi takriban nyuzi 100 iteleze yenyewe. Shimu za transfa (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi ya beringi) zirudi mahali pake. Ukiwa umeweka beringi mpya, pima upya ugumu wa shafti kuzunguka, maana shimu za zamani zilipimiwa beringi za zamani.

Jaza oili ya 75W-90 daraja la GL-4 hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa sawasawa. Baadhi ya GL-5 zina salfa inayokula shaba ya sinkronaiza. Baada ya kilomita 1,000 mwaga, futa sumaku ya nati ya kumwagia. Unga laini ni wa kawaida. Kipande unachoweza kukishika kwa vidole kinataka boksi ifunguliwe tena.