Mji Mkongwe Februari mpaka Mei: namna ya kujipanga usije ukakosa shughuli

Kila ikifika Januari simu yangu haitulii. Mtu wa Dar, mtu wa Tanga, mtu wa Mombasa, wote swali moja: "nakuja Unguja mwezi wa tatu, kuna nini huko?" Na mimi jibu langu ni lile lile kila mwaka, kabla hujakata tiketi ya boti umeangalia mwezi mwandamo? Kimyaaa. Hapo ndo najua huyu atakuja siku ambayo mji umelala.

Shughuli za huku kwetu hazifuati ile kalenda ya ukutani. Zinafuata mbili nyingine, mwezi na mvua. Wenzetu wa Ulaya Machi mpaka Mei ndo wanaanza kutoka nje, baridi imeisha, maua yamechipua, matamasha kila kona. Sisi kipindi hicho kaskazi inaishia na joto la kufa mtu, halafu masika inaingia na Aprili ndo inamwaga hasa. Na Ramadhani inatembea, kila mwaka inarudi nyuma kama siku 10 au 11 hivi. Mwaka 2026 imeingia baada ya katikati ya Februari, 2027 inategemewa kuingia kama tarehe 8 Februari, maana yake ratiba yote ya sanaa na burudani ya miezi hii inasukumwa na huo mfungo. Kwa hiyo kitu cha kwanza, chukua simu, tafuta Ramadhani itaanza lini mwaka unaotaka kuja, andika pembeni, halafu ndo uendelee kusoma.

Tuanze na Sauti za Busara maana ndo wengi wanaloliulizia. Hili tamasha lilianza 2004, linafanyika Februari ndani ya Ngome Kongwe pale Forodhani, na tangu hapo limeruka mwaka mmoja tu mnaoukumbuka, 2016, pesa hazikutosha. Raha yake ni kwamba muziki wote unapigwa laivu, hakuna mtu kuja kupanda stejini na kufungulia sidii akajifanya anaimba. Mwaka 2025 lilikuwa katikati ya Februari, 2026 likawa tarehe 5 mpaka 8, na ukipima na mfungo utaona limeingia kabla tu ya watu kuanza kufunga. Usikariri tarehe za mwaka jana! Nimeona watu wamebuku chumba kwa mazoea wakafika jukwaa limeshang'olewa.

Tiketi, raia wa Tanzania analipa kidogo kuliko mgeni kutoka nje, kwa hiyo njoo na kitambulisho chako cha NIDA au chochote kinachoonesha wewe ni nani, usije ukasimama mlangoni unabishana kwa Kiswahili kizuri ukidhani lafudhi ndo kitambulisho. Na ukija na rafiki zako kutoka Ulaya au Marekani waambie mapema kuhusu ile bima ya wageni wanaoingia Zanzibar, tangu Oktoba 2024 mtu mzima ni dola 44, wailipe mtandaoni kabla ya kupanda chombo, wasikucheleweshe bandarini.

Ila kama mfuko hauruhusu tiketi za siku zote mi nakwambia usikate tamaa kabisa, kwa sababu kuna msafara wa kufungua tamasha, beni mbele, ngoma, watu wa sarakasi, watoto wote wa mtaa nyuma, na ule ni bure. Simama njiani mapema mchana, vaa kofia, beba maji, na usigande sehemu moja, ufuate unavyotembea kuelekea Forodhani maana utamu wake ni kutembea nao. Halafu nunua tiketi ya usiku mmoja tu, chagua usiku mwenye kundi la taarabu au kidumbak kwenye ratiba badala ya kukimbilia jina kubwa kutoka nje. Jina kubwa utalikuta YouTube. Kidumbak ya kweli kweli, na lile sanduku linalopigwa kama besi, fidla inalia na wanawake wanacheza, hiyo YouTube haikutoshi.

Muziki unaanza jioni unapita saa sita za usiku, sasa watu wa bara mnakosea kitu kimoja, mnashinda ufukweni juani mchana kutwa halafu usiku saa nne mnasinzia. Lala mchana. Mji wote unalala mchana, wewe ni nani?

Vyumba ndani ya Mji Mkongwe wiki ile vinajaa na bei inapanda, hilo halina dawa. Tafuta gesti upande wa Ng'ambo, nje kidogo ya Mji Mkongwe, kama Kikwajuni au Michenzani, unatembea kwa miguu kama robo saa umeshafika Ngome, na asubuhi unapata chai ya mtaani kwa bei ya mtaani.

Sasa kuna kitu hakiandikwi kwenye bango lolote, vunja jungu. Zile siku za mwisho za Shaabani, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, watu wanaaga kula mchana. Familia zinabeba masufuria ya biriani, wanajazana kwenye gari, haoo baharini, mziki, kuogelea, kupiga soga mpaka jua linazama. Makundi ya marafiki wanachangishana, hata ofisini wanachangishana. Ukiwa na mwenyeji muulize tu "mnavunjia wapi jungu?" na hapo uulize mchango ni kiasi gani, usisubiri kuambiwa, mgeni siku mbili lakini sufuria la biriani lina watu arobaini.

Mfungo ukiingia mji unageuka. Mchana ni kimya, migahawa mingi inafunga, na huku kula hadharani mchana wa Ramadhani si suala la adabu tu, watu wanakamatwa kweli. Kama hufungi, kula chumbani kwako au hotelini kwenye pazia, na maji usinywe barabarani, hata sigara. Hakuna taarabu, hakuna disko. Wengi wanasema basi nisije, mimi nasema njoo ila njoo kwa ajili ya usiku. Baada ya magharibi mji unafufuka, kuna kaimati, mkate wa kumimina, tambi, muhogo wa nazi, halafu watu wanatoka tarawehe wanazagaa Forodhani mpaka usiku mkubwa. Na kama unalala mtaani, si hotelini, kabla ya alfajiri utasikia vijana wanapita na ngoma zao wanaamsha watu daku. Mara ya kwanza utakasirika. Usiku wa tatu utakuwa unawasubiri dirishani. Mkialikwa futari usiende mikono mitupu, beba tende au matunda, na fika kabla ya adhana, mtu anayefika futari baada ya adhana huku tunamwangalia kwa jicho fulani.

Halafu Idi, hapa naomba msome taratibu maana ndo watu wanapoumia. Idi ni pale mwezi utakapoonekana. Shemeji yangu wa Tanga alikuja na boti siku moja kabla, akapanga vizuri kabisa, afike, aoge, avae kanzu mpya asubuhi aende kuswali, sisi tulishachinja kuku. Usiku ukatangazwa mwezi haujaonekana, tunakamilisha thelathini. Kazini aliomba ruhusa ya siku mbili tu! Akafunga siku ile kwetu na uso kama limao, akala Idi asubuhi akiwa na jicho kwenye saa, adhuhuri yuko bandarini. Kwa hiyo omba ruhusa yenye nafasi, siku moja mbele siku moja nyuma, na tiketi ya kurudi kata ile inayoweza kubadilishwa. Na ujue pia wapo wanaofuata mwandamo wa nchi nyingine, unaweza kukuta nyumba hii wanakula Idi na ya jirani bado wamefunga, usishangae na usiulize nani yuko sahihi.

Sikukuu huku haiishi siku moja, ni siku nne. Asubuhi ya kwanza ni swala na kutembeleana, lakini shughuli yenyewe ni jioni, viwanja vya Mnazi Mmoja na Kariakoo. Watoto wote wa mji wamevaa nguo mpya, viatu vinavyobana, miwani ya plastiki, pembea, aiskrimu, vibanda vya vitu vya kuchezea, kelele mpaka masikio yanaziba. Kama una watoto hii ndo siku ya kuwaleta, kuliko hata tamasha. Andaa noti ndogo ndogo mapema kwa sababu kila mtoto utakayempita mlangoni atakudai "sikukuu yangu," na chenji siku ile hakuna duka litakupa. Watoto wako waandikie namba yako ya simu kwenye karatasi uwatie mfukoni, wanapotea wengi pale na tangazo la spika halisikiki.

Na usiku wa Idi ndo taarabu inarudi baada ya mwezi mzima wa kimya, watu wana kiu. Vikundi vya zamani bado vipo, Nadi Ikhwan Safaa wa Malindi ni wa tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, hao ni wa taarabu asilia ya kukaa kitini, ganuni, udi, fidla, akodiani, ukitaka rusha roho ya kusimama na kujibizana hiyo ni nyingine na kumbi zake ni nyingine. Kwenye asilia kuna utaratibu wa kutunza. Wimbo ukikugusa, au ukitaka mtu fulani ajue unamgusa, unanyanyuka na noti yako, unatembea taratibu kwa mapigo ya wimbo, unampa muimbaji mkononi, unarudi kwako na tabasamu lako. Usimrushie, usiende unakimbia kama umeitwa. Na angalia beti gani unatunzia! Binamu yangu alinyanyuka kwenye ubeti wa kumsema mke mwenza, yeye alipenda sauti tu masikini, wanawake wa meza ya jirani walimgeukia wote, mpaka leo kuna watu hawamsalimii.

Wakina dada njooni mmependeza, taarabu ni mahali pa kutoa dera na dhahabu. Kwa mitaani siku za kawaida mabega na magoti yafunikwe tu, kanga moja mkobani inamaliza kazi, hata ukitoka Ngome usiku. Picha omba kwanza, hasa kwa wazee na wanawake.

Masika sasa. Aprili na Mei mvua inanyesha kweli, vichochoro vinageuka mito, hoteli kadhaa za mashariki zinafunga kabisa, na ndo maana bei za vyumba zinashuka na mji unabaki kwetu wenyewe. Mimi ndo msimu naoupenda. Acha raba, vaa malapa, simu itie kwenye mfuko wa nailoni. Tarehe 7 Aprili ni siku ya Karume, siku aliyouawa 1972, kunasomwa hitma Kisiwandui na ofisi zimefungwa, siku hiyo usipange shughuli yoyote ya serikali wala ya sherehe. Tarehe 26 Muungano, mapumziko tena. Mvua ikikufungia ndani ulizia DCMA, ile skuli ya muziki iliyoanza 2002, kama wana onesho la jioni, wanafunzi wao wanapiga vizuri kuliko bendi nyingi za hotelini, na ukikaa wiki mbili tatu unaweza kuomba masomo ya udi au ngoma. Hata mazoezi ya vikundi vya taarabu, ukifika kwa adabu ukaomba kukaa nyuma, aghalabu hufukuzwi.

Boti, kwa kifupi: ile ya kasi ni kama saa mbili kutoka Dar, siku za kuelekea Idi na wiki ya tamasha kata tiketi mapema, na kama tumbo lako ni jepesi kaa chini upande wa nyuma, kule mbele juu ndo kunakorusha. Waliokosa nafasi miezi hii wasubiri Julai, kuna Mwaka Kogwa kule Makunduchi wanaume wanapigana kwa makuti ya mgomba, na kuna ZIFF, tamasha la filamu, ila hilo tarehe zake zinahama, ulizia kwanza, na hizo ni habari ndefu za siku nyingine.

Na ukishafika ukakuta hujui leo kuna nini, usihangaike na simu, ratiba za huku nusu yake hazipandishwi mtandaoni. Nenda Jaws Corner, ile kona ya kahawa na soga ndani ya Mji Mkongwe, saa za alasiri, kaa kwenye baraza, lipia kahawa yako na ya mzee aliye pembeni, msikilize kwanza siasa zake kama dakika kumi hivi usimkatize, halafu ndo umuulize, "mzee wangu, usiku wa leo wanapiga wapi?" Akikujibu "hujasikia?" ujue ni mtaa wa pili tu kutoka hapo mlipokaa.