SOMO: Wikipedia na vitabu kwenye maktaba ya chuo, bila intaneti

Jambo kwenu wote. Kila wiki napigiwa simu kutoka Bagira, Kadutu, hata Uvira, swali ni lilelile: mwanafunzi atasomaje Wikipedia na vitabu bila intaneti? Naandika hapa mara moja. Ndiyo njia tunayotumia kwenye maktaba ya chuo chetu hapa Bukavu. Haileti intaneti, inamsaidia mwanafunzi aliyeishiwa mega (bando la intaneti) asome hata hivyo.

Vifaa: laptop ya zamani ambayo betri yake bado inashika, ruta ya Wi-Fi, diski ya nje. Laptop inashinda kompyuta ya mezani kwa sababu umeme ukikatika, msomaji hakatiziwi ukurasa. Ruta nayo itafutieni betri.

1. Pakua Kiwix, programu inayofungua Wikipedia bila intaneti. Ni ya bure, ipo tangu 2007.

2. Pakua faili za ZIM, ndizo zinazobeba Wikipedia nzima na Kiwix huzisoma. Wikipedia ya Kifaransa yenye picha inapita GB 30. Ipo isiyo na picha, ndogo zaidi. Ya Kiswahili ni nyepesi, msiiache.

3. Hamisha faili kwenye diski. Hapa someni polepole. Diski na flashi nyingi zimeformatiwa kwa FAT32 (mfumo wa zamani wa kupanga faili), na FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4. Kompyuta itakuambia faili ni kubwa mno wakati unaona GB 60 ziko wazi. Dawa ni kuformati kwa exFAT, mfumo unaopokea faili kubwa, lakini KUFORMATI KUNAFUTA KILA KITU. Mimi niliformati diski iliyokuwa na TFC (kazi za kumaliza masomo) za wanafunzi tulizoskani kwa wiki mbili, na hapakuwa na nakala nyingine. Tulirudi kwenye rafu, tukaskani upya ukurasa kwa ukurasa, na nyingine hazikupatikana tena. Kwa hiyo: nakili kwanza mahali pengine, fungua faili mbili tatu za nakala uone zinasomeka, chomoa diski nyingine zote, ndipo uformati.

4. Fungua faili ndani ya Kiwix, kisha washa seva ya ndani, ili simu zisome kurasa kutoka kwenye laptop kupitia ruta. Windows ikiomba ruhusa ya mtandao (firewall), kubali. Zuia laptop isilale.

5. Kwenye ruta, ipe laptop anwani isiyobadilika. La sivyo kesho anwani ni nyingine na wanafunzi watasema imekufa.

6. Andika anwani hiyo kwa herufi kubwa, bandika mlangoni.

MASWALI

Kijana wa Panzi: Mkubwa, hiyo Wi-Fi inafungua WhatsApp?
Jibu: Hapana. Soma tena mwanzo wa somo.

Mama Maktaba: Aksanti mwanangu. Kwetu simu zingine zinashika Wi-Fi, lakini ukurasa haufunguki.
Jibu: Mama, simu ikiona Wi-Fi haina intaneti inarudi yenyewe kwenye mega. Wazime data kwanza. Hata sisi tumeliandika mlangoni, chini ya anwani.

Fundi Kadutu: Nimefanya yote, haifanyi kazi. Somo lako lina kasoro.
Jibu: Hatua ya ngapi? Kompyuta imeandika nini? Bila hayo siwezi kukusaidia.
Fundi Kadutu: Ya 4. Firewall nilikataa.
Jibu: Basi iruhusu.

Dada wa Uuguzi: Yaya, na TFC zetu je, zinaweza kusomwa hivyohivyo? Na makala mapya ya afya?
Jibu: Umeuliza vizuri, dada. Kwa TFC tumia Calibre, programu ya kupanga vitabu, ni ya bure pia: ingiza PDF, jaza mwandishi, mwaka na kichwa, kisha washa seva yake. Angalia, Calibre na Kiwix zote hupenda mlango (port) 8080, namba inayofuata anwani ya laptop. Moja ipe 8081. Makala ya afya yako Hinari, ndani ya Research4Life, mpango unaofungulia vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida ya kisayansi. Kongo yetu imo kwenye kundi la nchi zisizolipa, ila chuo ndicho kinachojiandikisha, na pale intaneti inahitajika. Mwombe msimamizi wa maktaba yenu aanze barua. Akikwama, niandikie.

Mama Maktaba: Kuhusu kuskani: toeni pini kwanza, na karatasi zilizoshika unyevu zianikeni kivulini siku moja. Juani zinajikunja.
Jibu: Hilo sikulijua, Mama. TFC za rafu ya chini tunaanza nazo kesho.